Daftari la Deni na Jina la Ukoo: Matabaka katika Sinema ya Kihindi ya Zamani

Sinema ya Kihindi iliyotengenezwa Bombay kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1970 iliutazama umaskini kwa ujasiri mkubwa, kwani mkulima aliyenyang'anywa shamba, kuli wa bandarini, mvuta riksho na mwanamke anayebeba matofali kichwani walipewa nafasi ya shujaa, wakaigizwa na wasanii mashuhuri na wakatungiwa nyimbo zilizokaririwa na taifa zima. Hata hivyo, anayezipitia filamu hizo kwa utaratibu hukutana na jambo linalodai maelezo: maradhi hutajwa kwa majina yake, yaani riba, ukabaila, ulanguzi na uonevu wa mahakama, lakini dawa inayotolewa mwishoni mara nyingi hupatikana ndani ya familia moja, kwa baba kumtambua mwana aliyepotea, kwa mama kumhukumu mtoto wake, au kwa kijana wa kitajiri kumwoa binti wa kimaskini. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba sinema hiyo iliweza kuliona tabaka la kiuchumi kwa sababu ilikuwa na hadithi ya kifamilia ya kulitibu, na kwamba kwa muda mrefu ilishindwa kuikabili jati kwa sababu jati yenyewe hulindwa na familia.

Jati ni mfumo wa kuzaliwa unaompangia mtu heshima yake, kazi anayostahili kufanya, ukoo anaoruhusiwa kuoa na, vijijini, hata kisima anachoweza kuchota maji, na chini ya ngazi zote wamewekwa wale walioitwa wasioguswa, ambao leo wengi wao hujiita Dalit. Tabaka la kiuchumi hubadilika mtu akipata au akipoteza mali, ilhali jati humfuata mtu tajiri au maskini hadi kaburini, ikitambulika mara nyingi kwa jina la ukoo peke yake. Katika maisha ya India mambo haya mawili yamefumana kiasi kwamba kuyatenganisha ni kazi ngumu, kwa sababu asiye na ardhi kijijini mara nyingi ni yule yule asiyeruhusiwa kuguswa, na ndiyo maana filamu inayosimulia njaa ya kibarua bila kusema anatoka ukoo gani huwa imesimulia nusu ya habari.

Mwanzo haukuwa wa kimya. Mwaka 1936 studio ya Bombay Talkies, iliyoanzishwa miaka miwili kabla na Himansu Rai na Devika Rani, ilitoa filamu ya Achhut Kanya chini ya mwongozaji Mjerumani Franz Osten, inayohusu kijana wa Kibrahmani, Pratap, na Kasturi, binti wa mlinzi wa kivuko cha reli ambaye ni wa jamii ya wasioguswa. Wawili hao hawaozwi, kila mmoja huolewa au kuoa mahali pengine, na mwishowe Kasturi hufa chini ya treni akijaribu kuisimamisha ili kuokoa maisha ya wengine. Mwaka huo huo B. R. Ambedkar, mwanasheria na kiongozi wa wasioguswa, alichapisha kwa gharama zake hotuba ambayo waandalizi wa mkutano wa Lahore walikuwa wamekataa isomwe, akidai kwamba jati haiwezi kurekebishwa bali ni ya kufutwa kabisa. Tofauti kati ya kazi hizi mbili ni kubwa: hotuba inataka msingi wa mfumo ubomolewe, filamu inaomboleza msichana mwema aliyekufa, na kifo chake kinawaacha watazamaji wa jati za juu wakiwa na machozi mengi na wajibu mdogo.

Njaa ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 3 wakati wa utawala wa Waingereza, iliibadilisha lugha ya wasanii. Mwaka huo uliundwa umoja wa michezo ya kuigiza wa wananchi, ujulikanao kwa kifupi kama IPTA, uliokuwa karibu na chama cha kikomunisti na uliowakusanya waandishi, wanamuziki na waigizaji ambao baadaye waliingia katika filamu. Khwaja Ahmad Abbas aliongoza Dharti Ke Lal mwaka 1946 juu ya njaa yenyewe, na mwaka huo huo Chetan Anand alitoa Neecha Nagar, ambamo tajiri anayekaa mlimani anaelekeza maji machafu kwenye makazi ya maskini bondeni, filamu iliyopata tuzo kuu pamoja na nyingine kadhaa katika tamasha la Cannes. Filamu hizi hazikuvuta umati, lakini watu waliozitengeneza ndio walioandika na kuigiza filamu za muongo uliofuata.

Iliyo bora kupita zote katika kuonyesha jinsi umaskini unavyotengenezwa ni Do Bigha Zamin ya Bimal Roy, ya mwaka 1953, yaani bigha mbili za ardhi, bigha ikiwa ni kipimo cha kienyeji cha shamba dogo. Kabaila anataka kuuza ardhi ya kijiji ili kijengwe kiwanda, na kipande cha Shambhu kimekaa katikati. Shambhu anapokataa, anadaiwa alipe deni lake mara moja, na kwa hesabu zake deni hilo ni rupia 65. Anauza vyombo vya nyumbani na vipuli vya mkewe ili alipe, lakini mahakamani anaambiwa kwamba daftari linaonyesha rupia 235, kwa kuwa siku zote alizofanya kazi kwa kabaila kupunguza deni hazikuandikwa, na yeye, asiyejua kusoma, alikuwa ametia dole gumba pale alipoelekezwa. Hakimu hamwonei kwa chuki. Anafuata karatasi iliyo mbele yake na kumpa miezi mitatu ya kulipa. Katika tukio hilo fupi Roy ameeleza kwamba dhuluma haihitaji mjeledi pale ambapo upande mmoja pekee ndio unaoshika kalamu, na sheria, hata ikiwa safi, huishia kuulinda upande huo.

Shambhu anakwenda Calcutta kuvuta riksho kwa miguu, na mwanawe mdogo anaanza kung'arisha viatu. Balraj Sahni, aliyeiigiza nafasi hiyo, alikuwa msomi aliyewahi kufundisha chuoni Santiniketan na kutangaza katika BBC, na alijifunza kuvuta riksho katika mitaa ya Calcutta ili mwili wake ujue kazi hiyo, jambo linaloonekana katika tukio la mashindano, ambapo abiria anamwongezea malipo kadiri anavyokimbia ili aipite riksho ya mbele. Mtu anakimbia kama farasi barabarani huku pesa ikitajwa nyuma yake, mpaka gurudumu linachomoka. Mwisho wa filamu hauna msamaha: ardhi imepigwa mnada, kiwanda kinajengwa, na Shambhu anapookota udongo kidogo wa shamba lake, mlinzi anamtuhumu kuwa mwizi na kumwamuru auache. Hakuna baba tajiri anayejitokeza na hakuna harusi, na kwa hiyo filamu hii inabaki kuwa kipimo ambacho nyingine zote za kipindi hicho zinaweza kupimwa nacho.

Daftari lilelile linarudi katika Mother India ya Mehboob Khan ya mwaka 1957. Mama mkwe wa Radha amekopa rupia 500 kwa Sukhilala, mla riba wa kijiji, ili aigharamie harusi, na wazee wanapokubali maneno ya mkopeshaji, familia inalazimika kumpa robo tatu ya mavuno kila msimu kama riba tu, bila mtaji kupungua. Mwana wa Radha, Birju, anakua akiwa na kisasi na hayo maandishi asiyoweza kuyasoma, anakuwa jambazi, anamuua Sukhilala na kuyachoma madaftari. Mpaka hapo filamu ina ukweli wa kutisha. Lakini Birju anamteka pia binti wa Sukhilala siku ya harusi yake, na kitendo hicho kinahamisha uzito wote wa hadithi kutoka kwenye riba hadi kwenye heshima ya mwanamke, kiasi kwamba Radha anapompiga risasi mwanawe mwenyewe, mtazamaji anatakiwa aone kwamba haki imetendeka. Deni limesahaulika. Inafaa kukumbuka pia kwamba filamu inafunguliwa kwa Radha, sasa kizee, kuombwa kuzindua mfereji wa umwagiliaji, kwa hiyo serikali ya uhuru inaingia katika hadithi kama mletaji wa maji, na mwovu pekee aliyebaki ni mkopeshaji mmoja mwenye tamaa.

Mwongozaji Raj Kapoor aliihamishia hoja hiyo mjini. Katika Awaara ya mwaka 1951, iliyoandikwa na Abbas, Jaji Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi na mtoto wa mtu mwema lazima awe mwema, na kwa imani hiyo amemfunga mtu asiye na hatia aitwaye Jagga, ambaye kwa kulipiza kisasi anamteka mke wa jaji. Jaji anamfukuza mkewe akiwa mjamzito kwa kumshuku, na mtoto anazaliwa barabarani, analelewa katika mtaa wa vibanda wa Bombay na kuwa mwizi chini ya mafunzo ya Jagga huyo huyo. Hoja ya Abbas ni kwamba mazingira ndiyo yanayomtengeneza mhalifu, na imejengwa kwa ustadi. Hata hivyo, jaribio lenyewe lina upungufu mkubwa: mtu anayethibitisha kwamba damu si kitu ni mwenye damu ya jaji, na mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba yule mwenye nguo zilizochanika ni mrithi wa jumba. Filamu imethibitisha kwamba mtoto wa muungwana anaweza kuharibika mtaani. Haikuthubutu kuuliza kama mtoto halisi wa Jagga angeweza kuwa jaji. Shree 420 ya mwaka 1955, iliyopewa namba ya kifungu cha sheria ya adhabu kinachohusu utapeli, ilisonga mbele kidogo kwa kumwonyesha msomi asiye na kazi anayeweka rehani medali yake ya uaminifu, na wakazi wa kando ya barabara wanaotapeliwa kwa ahadi ya nyumba za rupia 100.

Awaara ilipendwa katika Umoja wa Kisovieti, Uturuki na China, na pia katika majumba ya sinema ya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, ambako filamu za Kihindi zilionyeshwa kwa miongo mingi, mara nyingi bila tafsiri, na tuni zake zikaingia katika taarabu, hasa ile ya Mombasa inayohusishwa na mwimbaji Juma Bhalo. Mapokezi hayo yanasaidia kuieleza hoja hii, kwa sababu baba anayemkana mwanawe, mama anayeteseka kwa shuku ya mumewe na kijana anayepotea mtaani ni mambo ambayo mtazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki aliyaelewa bila kufahamu neno la Kihindi, ilhali ishara za jati, kama vile nani anapokea maji mikononi mwa nani, au jina fulani la ukoo lina uzito gani, zingempita asizione. Sinema iliyojengwa juu ya familia husafiri mbali, na wenye filamu walilijua hilo hata ndani ya India yenyewe, nchi yenye lugha na desturi nyingi zisizofanana.

Sababu za kibiashara hazina budi kutajwa hapa. Baada ya Vita Kuu ya Pili studio kubwa zilidhoofika, na nafasi yake ikachukuliwa na watayarishaji wa kujitegemea waliotumia fedha za mikopo, nyingine zikiwa ni faida za magendo ya wakati wa vita, na kuwalipa waigizaji mashuhuri viwango vikubwa. Filamu ya namna hiyo haikuweza kurudisha gharama zake kwa kumfurahisha mtu wa aina moja, bali ilihitaji kuwavuta vibarua waliokaa viti vya mbele vya bei ya chini na wafanyabiashara waliokaa roshani pamoja na familia zao, katika jengo moja na kwa saa tatu zilezile. Sheria ya Sinema ya mwaka 1952 iliweka juu ya hayo bodi ya ukaguzi iliyokuwa makini na chochote kilichoweza kuchochea vurugu. Chini ya masharti hayo, tajiri aliweza kulaumiwa kwa tabia yake bila utajiri wenyewe kushtakiwa, na hadithi ya ndugu waliotengana ilitoa njia ya kumwonyesha maskini na tajiri uso kwa uso na kuwapatanisha bila mali kugawanywa.

Mwongozaji aliyekaribia kuivunja kanuni hiyo ndani ya filamu ya kibiashara alikuwa Guru Dutt, ambaye katika Pyaasa ya mwaka 1957 alimwonyesha mshairi Vijay akidharauliwa na ndugu zake wa damu, ambao wako tayari kukana kwamba wanamjua na kisha kumtambua tena pale mashairi yake yanapoanza kuleta pesa. Familia hapa si dawa. Ni soko dogo. Anayemthamini Vijay ni Gulabo, kahaba, na wawili hao wanaondoka zao wakiuacha mji na sifa zake zote. Naya Daur ya B. R. Chopra, ya mwaka huo huo, ilichukua suala la mashine kuwapokonya watu riziki, ikilipeleka kwenye mashindano kati ya gari la farasi na basi, na ushindi wa farasi ni faraja ambayo hakuna aliyeweza kuiamini nje ya ukumbi.

Kuhusu jati, jaribio la dhati zaidi la kipindi hicho ni Sujata ya Bimal Roy, ya mwaka 1959, miaka tisa baada ya katiba ya India kupiga marufuku utengano wa wasioguswa kwa kifungu chake cha 17. Mhandisi wa Kibrahmani na mkewe Charu wanamlea yatima wa jamii hiyo ambaye wazazi wake wamekufa kwa maradhi ya mlipuko. Wanampenda, lakini Charu, anapomtambulisha kwa wageni, husema ni kama binti yake, na neno hilo dogo la kulinganisha, likirudiwa mwaka hadi mwaka mbele ya msichana anayesikia kila kitu, linaonyesha ukatili wa upole kuliko tukio lolote la matusi. Nutan aliiigiza nafasi hiyo kwa utulivu unaoumiza. Kisha Charu anaumia, anahitaji damu, na damu ya Sujata pekee ndiyo inayolingana na yake, ndipo anapoitwa binti kamili. Filamu inakusudia kusema kwamba damu ya binadamu ni moja, lakini inachosema kwa kweli ni kwamba aliyezaliwa chini anapaswa kulipa kwa mwili wake ili apewe kile ambacho binti wa kuzaliwa alipewa bure. Familia haiwezi kuwa hakimu wa kesi hii kwa sababu ni yenyewe inayoamua nani aolewe na nani, na bila ndoa za ndani ya ukoo jati isingedumu hata vizazi viwili.

Filamu nyingine nyingi zilikwepa mtihani huo kwa njia rahisi, yaani kumnyima shujaa jina la ukoo. Raj, Vijay na Shankar wanaonekana bila nasaba, maskini wa jumla wasiotoka popote, na desturi za nyumbani mwao, kuanzia ibada mpaka chakula, ni zile za Wahindu wa jati za juu hata wanapoishi vibandani. Ukimya huu ulikuwa na faida yake, kwani uliwawezesha watazamaji wa kila asili kujiona katika shujaa mmoja, lakini gharama yake ilibebwa na wale ambao umaskini wao ulikuwa na sababu isiyotamkika.

Miaka ya 1970 ilileta hasira. Uhaba wa kazi, bei kupanda, migomo na imani iliyopungua kwa serikali vilifanya subira ya Shambhu ionekane haina maana, na waandishi wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, wakamtunga kijana mwenye ghadhabu aliyeigizwa na Amitabh Bachchan. Deewaar ya Yash Chopra ilitolewa Januari 1975, miezi michache kabla ya hali ya hatari kutangazwa mwezi Juni. Baba ni kiongozi wa chama cha wafanyakazi anayelazimishwa kutia saini ya kuwasaliti wenzake baada ya familia yake kutekwa na wenye kiwanda, na watu wenye hasira wanamchanja mwanawe Vijay mkononi maneno ya kumtangaza kuwa mtoto wa mwizi. Mama yao anabeba matofali katika ujenzi wa majumba ya Bombay, na aliyeigiza nafasi hiyo ni Nirupa Roy, yule yule aliyekuwa mke wa Shambhu mwaka 1953. Vijay, aliyeanza kama kuli wa bandarini na kutajirika kwa magendo, ananunua jengo ambalo mama yake aliwahi kulibebea matofali, bila kujadiliana bei.

Uwezo wa Deewaar upo katika tukio linalomhusu Ravi, mdogo wake Vijay aliyekuwa polisi, ambaye anampiga risasi kijana anayekimbia na baadaye kugundua kwamba alichoiba ni mkate. Anapeleka chakula nyumbani kwa wazazi, na baba wa kijana, mwalimu mstaafu, anasema kwamba wizi ni wizi. Kauli hiyo inampa Ravi nguvu ya kumwandama kaka yake, na hapo swali la nani alimfanya mwalimu mstaafu ashindwe kumlisha mwanawe linafungwa kabla halijajibiwa. Mwishoni mama anachagua upande wa sheria, kama Radha alivyofanya, na mgomo ulioianzisha hadithi yote haurudi tena. Namak Haraam ya Hrishikesh Mukherjee, ya mwaka 1973, ilikuwa na uaminifu zaidi kwa suala la kiwanda, kwa kuwa rafiki wa tajiri anayejipenyeza miongoni mwa wafanyakazi ili kuuvunja umoja wao anabadilishwa na maisha anayoyashuhudia.

Wakati huo huo, nje ya mfumo wa watayarishaji wa Bombay, Shyam Benegal alikuwa akifanya yale ambayo filamu za kibiashara hazikuweza. Katika Ankur ya mwaka 1974, Surya, mwana wa mwenye ardhi, anatumwa shambani na anakubali kupikiwa na Lakshmi, mwanamke wa jati ya chini, akisema kwamba yeye haamini mambo ya jati. Kijiji kinashtuka kuhusu chakula, lakini anapomfanya hawara na kumpa mimba, kisha kumtaka aitoe, mpangilio wa zamani hautikisiki hata kidogo, na mume wa Lakshmi, bubu aliyekuja kuomba kibarua, anachapwa kwa sababu bwana ameogopa. Filamu inaonyesha kwamba mwenye nguvu anaweza kuvunja mwiko wa kugusana pale unapomzuia na kuufufua unapomfaa. Manthan ya mwaka 1976, iliyogharamiwa na wafugaji 500,000 wa ushirika wa maziwa wa Gujarat waliotoa rupia mbili kila mmoja, ilikwenda mbali zaidi kwa kuonyesha kwamba hata ushirika, chombo cha usawa, unakwama pale mkuu wa kijiji anapoona asiyeguswa anapiga kura iliyo sawa na yake.

Njia hizo mbili, ya soko na ya Benegal, hazikukutana. Baada ya mageuzi ya uchumi ya mwaka 1991 soko lenyewe liligeuka: filamu kama Hum Aapke Hain Koun ya mwaka 1994 zilikaa ndani ya majumba ya kifahari ambamo mtumishi anaimba na kucheza na matajiri wake kama mmoja wao, na kuanzia mwaka 1997, Delhi ilipopata jumba la kwanza la skrini nyingi chini ya paa moja, vilianza kuenea vituo vya tiketi ghali visivyo na viti vya mbele vya bei ya kibarua. Roshani haikulazimika tena kutazama filamu pamoja na vibarua, na watayarishaji hawakuwa tena na sababu ya kibiashara ya kumfanya mvuta riksho kuwa shujaa.